Viti vya pweza katika sadaka za Waazteki

Katikati ya jiji la Mexico, mbele ya Hekalu Kuu la Tenochtitlan, uliokuwa mji mkuu wa Waazteki, wanaakiolojia wamefukua sanduku la sadaka lenye viti vya pweza 164, wale wanyama wa baharini wenye umbo la nyota. Habari zake zilitangazwa mwaka 2022. Juu ya viti hivyo alilazwa jagwa jike, mnyama wa jamii ya chui, ukuchani ana chombo cha kurushia mikuki, pamoja na matumbawe, makombe na bunju. Sadaka ni ya zama za Ahuitzotl, aliyetawala kuanzia 1486 hadi 1502.

Tumezoea kusikia kwamba kiti cha pweza ni alama ya kuzaliwa upya, kwa kuwa mkono wake ukikatika huota mwingine. Maelezo hayo yanamtazama mnyama peke yake. Waazteki walimpa maana kwa mahali walipomweka. Masanduku yao yalipangwa kwa matabaka, na mara nyingi vitu vya baharini vilitangulia chini, ndiyo maji ambayo dunia imeyaelea.

Sahagún, mtawa wa Kihispania wa karne ya 16, aliandika kutoka kwa wazee wa Kinahua, jamii ya Waazteki, kwamba mbingu na bahari zinaungana pande zote: dunia ni nyumba, maji ni kuta zake, mbingu imeziegemea. Basi nyota kukaa majini ni jambo la kawaida kabisa. Ukishuka kilindini umefika pia kwenye anga la usiku. Hata jagwa yumo humohumo, maana madoa yake yalifananishwa na nyota, na spishi ya kiti cha pweza iliyochaguliwa, Nidorellia armata, nayo ina madoa meusi. Sidhani waliiokota kwa bahati tu. Inaishi Pasifiki, mbali sana na Tenochtitlan iliyo kwenye uwanda wa juu, zaidi ya mita 2,000. Majeshi ya Ahuitzotl yalifika pwani ile mpaka Soconusco. Kwa hiyo sanduku hili linazungumzia vita na himaya kama linavyozungumzia maji.

Kinachonigusa zaidi ni kimoja kati ya hao 164. Kiti cha pweza kikifa, nyama huoza na mifupa yake midogomidogo husambaratika, ndiyo maana kwa kawaida tunaokota vipande tu. Hiki kiliwekwa miongoni mwa vya kwanza, kikakandamizwa na uzito wa jagwa na vingine vyote hadi kikazama kwenye tabaka la nyuzi. Alama yake imebaki nzima, sentimita 22 kutoka ncha hadi ncha.

Karne kadhaa kabla ya hapo, wachoraji wa Cacaxtla, mji wa kale wa Mexico ya kati, walimchora mtu wa buluu mwenye mkia wa nge kati ya nusu-nyota za ncha tano. Wataalamu wengi huziita alama za sayari ya Zuhura. Wengine wanaona viti vya pweza. Mimi, baada ya sadaka hii, sioni haja ya kuwalazimisha wachoraji wale wachague kimoja.