Mshahara, Deni na Kodi: Mahali Kripto Inapokwama

Watu wanaotuuliza sisi wachumi wa fedha kuhusu Bitcoin na nduguze, zile sarafu za kidijitali ziitwazo kripto, hawaulizi tena kama itachukua nafasi ya sarafu za taifa. Wanauliza lini. Lini nauli italipwa kwa kripto, lini noti zitabaki kuwa vitu vya makumbusho. Muulizaji ameshaamua kwamba jambo hilo litatokea, anachotaka ni kujipanga mapema asiachwe na gari.

Jibu langu ni kwamba gari hilo haliji, angalau si kwa njia anayoitazamia. Lakini sababu zangu si zile za kawaida. Sidai kwamba kripto yote ni utapeli, wala kwamba teknolojia yake ni ya kubahatisha. Bitcoin imekuwa ikifanya kazi tangu tarehe 3 Januari 2009 bila ofisi, bila mkurugenzi na bila mtu yeyote anayemjua kwa yakini aliyeibuni, maana jina Satoshi Nakamoto ni la kujificha. Kulifanya daftari moja la malipo litunzwe na maelfu ya kompyuta zisizoaminiana, na hesabu zikalingana, ni kazi ya kupigiwa saluti. Kinachoikwamisha kipo kwingine.

Tutazame nchi iliyojaribu. Tarehe 7 Septemba 2021 El Salvador ilikuwa ya kwanza duniani kuifanya Bitcoin fedha halali. Kifungu cha 7 cha sheria yake kilimtaka kila mfanyabiashara aipokee pindi mteja anapoitoa. Serikali ikatengeneza pochi ya kidijitali iliyoitwa Chivo, na kila raia aliyejisajili akawekewa Bitcoin yenye thamani ya dola 30. Siku ya uzinduzi pochi hiyo ilizimwa kwa muda kwa kuelemewa na wingi wa watu, na bei ya Bitcoin ikashuka kwa zaidi ya asilimia 10 siku hiyohiyo. Hayo tuyaite mikosi ya siku ya kwanza, kila mradi unayo.

Kilichofuata ndicho cha kutafakari. Watafiti waliohoji kaya 1,800 mapema mwaka 2022 walikuta kwamba wengi wa walioipakua Chivo walizitumia zile dola 30 za zawadi, kisha wakaachana nayo. Bei za bidhaa ziliendelea kuandikwa kwa dola. Mwenye duka aliyelipwa kwa Bitcoin aliweza kuchagua kupata dola papo hapo, na serikali yenyewe ilitenga mfuko wa dola milioni 150 wa kuwezesha ubadilishaji huo. Soma tena sentensi hiyo: sheria iliyoitangaza sarafu mpya ilikuja na mlango wa kuikimbia.

Wengi husahau pia kwamba El Salvador haikuwa na sarafu yake ya kuitetea. Iliiacha colón mwaka 2001 na kuhamia dola ya Marekani. Bitcoin basi haikukutana na benki kuu yenye wivu. Ilipewa sheria, programu na rais aliyeishabikia mchana kweupe, tena watu walilipwa ili waijaribu. Mazingira mazuri kuliko hayo sijui yatatoka wapi.

Kwa nini basi haikushika? Kwa sababu tunapofikiria fedha tunaona mikono miwili, mmoja unatoa na mwingine unapokea. Hilo ndilo tukio linaloonekana. Ila sehemu kubwa ya kazi ya fedha hufanyika pasipo mtu kutoa chochote: mshahara uliokubaliwa leo na utakaolipwa mwisho wa mwezi, mkopo wa miaka kumi, ada ya muhula ujao, pensheni, bima, kodi. (Kiswahili kinaita kodi ile ya serikali na ile ya nyumba pia, na nadhani hakikukosea, zote mbili ni deni linalojirudia.) Ahadi hizi zote zinahitaji kipimo ambacho hakitabadilika sana kati ya siku ya kuahidi na siku ya kutimiza.

Pima Bitcoin kwa kipimo hicho. Mfanyakazi aliyelipwa Bitcoin moja bei ilipofika kilele Novemba 2021 alipokea kitu cha karibu dola 69,000. Aliyeiweka akiba kwa mwaka mmoja alikuta imebaki takriban 16,000. Sasa mgeukie mkopaji. Aliyekopa Bitcoin moja wakati huo wa Novemba 2022 kwa sharti la kurudisha Bitcoin moja Desemba 2024 alipaswa kutafuta zaidi ya dola 100,000, yaani mara sita ya alichochukua, hata kabla ya riba. Kwa kipindi kisichozidi miaka mitatu na miezi kadhaa, sarafu ileile ingemfilisi mwenye akiba na ingemfilisi mwenye deni. Hakuna benki, chama cha kuweka na kukopa wala mwajiri mwenye akili timamu anayeweza kuandika mkataba kwa kipimo cha namna hiyo.

Watetezi hujibu kwamba bei itatulia watumiaji wakiwa wengi. Ni hoja inayostahili kujibiwa kwa uangalifu, maana soko kubwa kweli huyumba kidogo kuliko dogo. Lakini kuyumba kwa Bitcoin kumejengwa ndani ya muundo wake. Idadi yake haitazidi milioni 21. Zinazotolewa kwa wachimbaji, yaani wale wenye kompyuta zinazothibitisha miamala, zilikuwa 50 kwa kila kifurushi cha miamala mwaka 2009, na hupunguzwa nusu kila baada ya vifurushi 210,000, takriban miaka minne. Tangu Aprili 2024 ni 3.125. Ratiba hii haijui kama dunia ina njaa au shibe. Uhitaji wa fedha ukipanda au ukishuka, kiasi hakiwezi kusogea, kwa hiyo kinachosogea ni bei peke yake. Ni kama mlango usio na bawaba: ukiusukuma, unatikisa nyumba nzima.

Tena dunia imewahi kuishi na fedha ya namna hii. Enzi sarafu zilipofungwa kwenye dhahabu, kiasi cha fedha kilitegemea kilichochimbwa na kilichomo ghalani, wala si mahitaji ya watu. Ulipokuja mdororo mkuu wa miaka ya 1930, serikali zilizong'ang'ania dhahabu zilishindwa kuongeza fedha benki zilipokuwa zikianguka na watu wakipoteza kazi. Uingereza iliachana na dhahabu mwaka 1931, Marekani ikafuata 1933, na wanahistoria wa uchumi wameonyesha kwamba nchi zilizojitoa mapema ndizo zilizoanza kupona mapema. Ninapomsikia mtu akisifu kikomo cha milioni 21 kama ulinzi dhidi ya serikali zinazochapisha noti ovyo, namwelewa, maana uchapishaji ovyo ni ugonjwa wa kweli. Ila dawa anayoipendekeza tuliwahi kuinywa, na ilitulaza.

Kuna kisa maarufu cha tarehe 22 Mei 2010, pale mtayarishaji programu mmoja wa Marekani alipotoa Bitcoin 10,000 kwa piza mbili. Kila mwaka watu humcheka. Mimi huona ndiye mtu aliyeitumia Bitcoin kama fedha kweli, na kicheko chenyewe ndicho kinachoeleza kwa nini wengine hawakumfuata. Nani atakubali kulipia chakula kwa kitu ambacho mwakani anaweza kuchekwa kwa kukiachia? Sarafu ambayo mwenye nayo anaogopa kuitoa imeshakuwa mali, kama kiwanja au mkufu.

Vikwazo vya kiufundi nitavipitia haraka kwa kuwa naamini vingi vitatatuliwa. Mtandao wa Bitcoin wenyewe hubeba takriban miamala saba kwa sekunde na hufunga kifurushi kipya kila baada ya dakika kumi hivi. Foleni ikizidi, ada hupanda. Siku moja ya Aprili 2024 wastani wa ada kwa muamala ulipita dola 100. Hata hivyo tangu 2018 kuna mtandao wa pembeni uitwao Lightning unaopunguza msongamano huo, na Ethereum, mtandao mwingine mkubwa wa kripto, ilibadilisha mfumo wake wa uthibitishaji Septemba 2022, ikapunguza matumizi yake ya umeme kwa zaidi ya asilimia 99. Wahandisi watafika.

Wasichoweza kukifikia kirahisi ni makosa ya binadamu. Ukituma kripto kwa anwani isiyo sahihi, hakuna dawati la kulalamikia. Ukipoteza yale maneno 12 au 24 yanayofungua pochi, fedha yako ipo, kila mtu anaiona kwenye daftari la pamoja, na hakuna atakayeigusa milele. Wanaoogopa jambo hilo huwakabidhi wengine funguo zao, yaani kampuni za kubadilishia kripto, na hapo wamerudi kwenye kuamini watu, safari hii watu wasiosimamiwa ipasavyo. Kampuni ya Mt. Gox ilianguka 2014 ikisema imepoteza takriban Bitcoin 850,000. FTX ilianguka Novemba 2022, na mwanzilishi wake alihukumiwa kifungo cha miaka 25 mwezi Machi 2024.

Hata hivyo, kuna mahali kripto inatumika kila siku, tena kwa haja ya kweli: penye sarafu ya taifa inayoungua mkononi. Argentina ilimaliza mwaka 2023 na mfumuko wa bei wa zaidi ya asilimia 200. Venezuela iliwahi kupitia makubwa zaidi ya hayo. Mtu wa nchi kama hizo akinunua kripto hafanyi kamari, anaokoa jasho lake. Lakini angalia anachonunua. Mara nyingi si Bitcoin. Ni sarafu za kidijitali zilizofungwa kwenye thamani ya dola, kama USDT iliyoanza 2014 na USDC ya 2018, ambazo mtoaji wake huahidi kwamba kila moja ina dola moja, au hati ya deni ya serikali ya Marekani, inayoisimamia. Karibu thamani yote ya sarafu za aina hiyo duniani imepimwa kwa dola.

Hapa ndipo ningependa msomaji akae kidogo. Kripto, ambayo wazo lake lilitangazwa 2008, mwaka wa msukosuko wa mabenki, ikiahidi kuwatoa watu kwenye fedha za serikali, imefanikiwa kuingia kwenye maisha ya kawaida pale ilipovaa sura ya fedha ya serikali moja. Sarafu dhaifu ya taifa inaweza kweli kung'olewa. Inayoketi mahali pake ni dola, imebadilisha nguo tu.

Na dola hiyo ya kuvaa ina hatari zake. Mwezi Mei 2022 TerraUSD, iliyodai kulinda thamani yake kwa kanuni za kompyuta badala ya akiba halisi, iliporomoka ndani ya siku chache na kuondoka na makumi ya mabilioni ya dola za watu. Machi 2023 ikawa zamu ya USDC, iliyokuwa na akiba ya kweli, kuteleza chini ya senti 90 kwa sababu dola bilioni 3.3 za akiba hiyo zilikuwa kwenye Silicon Valley Bank iliyofungwa. Ilirudi kwenye thamani yake baada ya serikali ya Marekani kutangaza kwamba wenye amana wote wa benki hiyo watalipwa. Anayeitumia sarafu ya namna hii anapaswa kujua nani ameitoa, akiba iko wapi, na kama yeye mwenyewe, wala si wakala tu, anaweza kwenda kuibadilisha. Ajue pia kwamba mtoaji ana uwezo wa kuzifunga sarafu zilizomo kwenye pochi fulani, na amewahi kufanya hivyo kwa maombi ya polisi.

Nchi nazo hazikai zikitazama. Facebook ilipotangaza Libra mwezi Juni 2019, sarafu ya kutumiwa na mabilioni ya watu, upinzani wa serikali na benki kuu uliibana hadi ikabadilishwa jina kuwa Diem, kisha mali zake zikauzwa Januari 2022. Benki kuu kadhaa zimetoa sarafu zao za kidijitali: Bahamas Oktoba 2020, Nigeria mwaka mmoja baadaye, na watu wamezipokea kwa uvivu kwa kuwa fedha ya kwenye simu na kadi ya benki vilishafanya kazi hiyo. Ninawaomba wasomaji wasivichanganye vitu hivi. Salio la simu ni sarafu ya taifa inayosafiri kwa njia nyingine. Sarafu ya kidijitali ya benki kuu ni noti isiyo na karatasi. Hakuna kati ya hivyo kilicho kripto, hata tangazo likipambwa vipi.

Kwa hiyo anayeniuliza lini, humwambia aache kuangalia bei ya Bitcoin na vibandiko vya "tunapokea kripto" mlangoni. Aangalie hati za mshahara na mikataba ya mikopo ya nyumba imeandikwa kwa sarafu gani, na aangalie mkusanya kodi anapokea nini. Jamhuri ya Afrika ya Kati iliifuata El Salvador Aprili 2022 na mwaka uliofuata ikaifuta hatua yake. El Salvador yenyewe, baada ya kukubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa juu ya mkopo wa dola bilioni 1.4, ilirekebisha sheria yake Januari 2025: mfanyabiashara halazimiki tena kupokea Bitcoin, na kodi hailipwi tena kwa Bitcoin. Bitcoin ilizokuwa imezinunua, zaidi ya 6,000, serikali haikuziuza. Ilizibakiza kwenye hazina, pale zinapowekwa vitu vya thamani visivyotumika kununua mkate.