Seva ya zoni na seva ya kache kwenye mashine moja: yasemwayo na yalivyo

Ofisi nyingi za Nairobi zenye mashine moja ya Linux huishia kuibebesha kazi zote mbili za DNS, mfumo wa kugeuza majina ya intaneti kuwa anwani za IP: kujibu maswali ya dunia nzima kuhusu domeini za kampuni, na kuwatafutia wafanyakazi majina ya intaneti. Kazi ya kwanza ni ya seva yenye mamlaka, ambayo inajua zoni zake tu (zoni ni orodha ya rekodi za domeini) na haimtafutii mtu chochote. Ya pili ni ya seva ya kache: haina zoni, inauliza wenzake na kuhifadhi majibu kwa muda. Mengi yasemwayo kuhusu kuziweka pamoja yana nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayoleta simu za saa nne usiku.

"Haziwezi kukaa mashine moja."

Zinaweza. Kinachogombaniwa ni poti, yaani mlango wenye namba ambao programu husikilizia. Fahali wawili hawakai zizi moja, na programu mbili hazishiki poti 53 ya anwani moja ya IP. Zipe anwani mbili, yaishe. Kadi ya mtandao ni ileile. Anwani ya pili unaiongeza kwa `ip addr add 10.20.0.54/24 dev eth0`, kisha unaiandika kwenye netplan (usanidi wa mtandao wa Ubuntu) ili isipotee mashine ikiwashwa upya. NSD, programu ya seva yenye mamlaka, ichukue .54; Unbound, programu ya kache, ichukue .53:

```
# nsd.conf
server:
    ip-address: 10.20.0.54
zone:
    name: "mfano.co.ke"
    zonefile: "mfano.co.ke.zone"

# unbound.conf
server:
    interface: 127.0.0.1
    interface: 10.20.0.53
    access-control: 10.20.0.0/16 allow
```

Kwenye ruta, poti 53 ya anwani ya umma, UDP na TCP zote (njia mbili za kusafirisha data), ielekezwe 10.20.0.54. Anwani hiyo lazima iwe ya umma kweli, tena isiyobadilika. Ruta ikionyesha upande wa WAN anwani iliyo kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya CGNAT, yaani unachangia anwani moja ya umma na wateja wengine, na hakuna swali la nje litakalokufikia. Omba anwani ya kudumu kwa mtoa huduma wako kwanza.

Kwenye Ubuntu kuna mtego mmoja. `systemd-resolved`, huduma yake ya kutafuta majina, tayari imekalia 127.0.0.53, kwa hiyo ukiiambia Unbound isikilize 0.0.0.0, au ukiiacha NSD bila `ip-address`, inaweza kukataa kuwaka ikilalamika kwamba anwani inatumika. `ss -lntup | grep ':53 '` itakuonyesha nani ameshika nini. Ukitaja anwani moja moja kama hapo juu, zote tatu zitaishi kwa amani.

"BIND inafanya zote mbili, kuzitenganisha ni kujisumbua."

Kweli BIND, programu nyingine ya DNS, inafanya zote mbili, na hapo ndipo pana madhara yasiyoonekana. Programu iliyo na zoni haimuulizi mtu kuhusu zoni hiyo. Chukua kampuni ya kuhifadhi tovuti. Mteja anahama na domeini yake, NS (rekodi zinazotaja seva za domeini) zinabadilishwa kwa msajili, KeNIC, msimamizi wa majina ya .ke, inachapisha mpya, na dunia nzima inamfuata alikohamia. Seva ya zamani bado ina faili la zoni lake. Basi kila anayeitumia seva hiyo kama kache, pamoja na seva ya barua pepe iliyo hapo hapo ofisini, anapelekwa kwenye anwani ya zamani. Barua zinaingia kisanduku ambacho hakuna anayekifungua. Fundi anakimbilia `rndc flush`, amri ya kufuta kache ya BIND, hakuna kinachobadilika, kwa sababu jibu halikutoka kwenye kache. Linganisha SOA, rekodi ya kichwa cha zoni yenye namba ya toleo lake:

```
dig @10.20.0.53 mfano.co.ke SOA
dig +trace mfano.co.ke SOA
```

Jibu la kwanza likija na alama ya `aa` (jibu lenye mamlaka) na namba ya zoni tofauti na ile ya `+trace`, unashikilia zoni ambayo si yako tena. Ifute.

DNSSEC, mfumo wa kutia rekodi sahihi za kidijitali, inaficha zaidi. Seva haihakiki sahihi za zoni inayoishika yenyewe. Zoni iliyotiwa sahihi kwa `dnssec-signzone` bila kutaja muda, sahihi zake huisha baada ya siku 30. Siku hiyo ikifika, kila seva ya nje inayohakiki hurudisha SERVFAIL (kosa la seva), huku ndani ya ofisi tovuti inafunguka vizuri na kila mtu anaapa kwamba tatizo ni la mteja. Kache iliyotengwa ingegonga ukuta huohuo anaougonga mteja, nawe ungejua mapema.

Kwa sababu hiyohiyo, usiiwekee Unbound `stub-zone` (agizo la kuiuliza seva fulani moja kwa moja) ya domeini ya umma ili "iharakishe". Utakuwa umerudisha ugonjwa ule ule kwa mlango wa nyuma. Iache ianzie kwenye mzizi (seva za juu kabisa za DNS), ipite `ke`, ifike kwako kama mgeni mwingine yeyote. (Ruta isipoweza kurudisha ndani maswali yanayoelekea anwani yake yenyewe ya umma, kache itapata jibu kwa seva yako ya pili, ukiwa nayo.) `stub-zone` ni ya majina ya ndani tu, mfano `ofisi.internal`, na hapo ongeza mawili: `domain-insecure: "ofisi.internal"`, la sivyo uhakiki utalikataa jina ambalo mzizi unathibitisha halipo, na kama seva ya zoni inasikiliza 127.0.0.1 kwenye poti nyingine, `do-not-query-localhost: no`. Hilo la mwisho limewapotezea watu wengi jioni nzima: usanidi unaonekana sahihi, lakini Unbound kwa kawaida haikubali kuuliza anwani za 127.x za mashine inamoishi.

Kama huna budi kutumia BIND kwenye anwani moja, tumia `view` mbili (sura mbili za seva, kila moja kwa waulizaji wake): ya ndani yenye `recursion yes`, yaani inawatafutia watu majina, bila zoni za umma, na ya nje yenye `recursion no` pamoja na zoni. Ya ndani itangulie, maana inayolingana kwanza ndiyo inayochukua swali. Kwenye `match-clients` ya ndani andika 127.0.0.1, usiandike `localhost`. Kwa BIND neno hilo ni anwani zote za mashine, na seva ikijiuliza yenyewe swali litarudi kwenye `view` ya ndani badala ya kwenda kwenye zoni.

"Kache ikiwa wazi kwa wote haidhuru mtu."

Inadhuru. Swali la UDP linaweza kubeba anwani bandia ya mtumaji. Baiti chache zinaingia, jibu kubwa linamwangukia mtu asiyeuliza chochote. Waraka wa kiufundi wa intaneti RFC 5358 wa 2008 ulishaandika namna ya kuzuia. Ukitumia simu yenye data, si Wi-Fi ya ofisi, uliza anwani yako ya umma jina lisilo lako: jibu sahihi ni REFUSED (limekataliwa). Watoa huduma wadogo wa mitaani, Kasarani au Umoja, wakumbuke upande wa pili: wateja walio kwenye 100.64.0.0/10 (anwani za CGNAT) waongezwe kwenye `access-control`, la sivyo nao watapata REFUSED.

"TCP ni ya kuhamisha zoni tu." Si kweli. Jibu lisilotosha kwenye UDP, na kikomo kinachopendekezwa tangu 2020 ni baiti 1232, hukatwa na muulizaji hurudi kwa TCP. Ukuta wa moto ukifunga TCP 53, majina mafupi yatafanya kazi na yenye DNSSEC yatakwama ovyo ovyo.

"Lazima kache iulize 8.8.8.8." Hailazimiki kutegemea kache hiyo ya umma ya Google. Unbound huanzia kwenye mzizi yenyewe, na nakala za seva za mzizi zipo Nairobi.

"Mabadiliko huchukua saa 48 kuenea."

Hakuna kinachoenea. Kila kache inasubiri TTL (muda wa kuhifadhi jibu, kwa sekunde) iliyoiona iishe. Rekodi ikiwa na 86400, iteremshe hadi 300, subiri saa 24 za ile TTL ya zamani, ndipo ubadilishe anwani. Baada ya dakika tano karibu wote wamehama. Kosa la kawaida ni kuteremsha TTL na kubadilisha anwani saa ileile. Jingine ni kulijaribu jina kabla ya kuliandika: kache inahifadhi hata jibu la "halipo", kwa muda unaotokana na namba ya mwisho ya SOA. Iweke 300 au 900, si siku nzima.

"Nina ns1 na ns2, niko salama."

Zote zikielekea anwani mbili za mashine moja, una seva moja yenye majina mawili. RFC 2182 ya 1997 inataka ziwe sehemu tofauti, mitandao tofauti. Stima ikipotea Westlands na UPS ikaisha, zinaondoka pamoja. Weka ya pili kwenye VPS (mashine pepe ya kukodi) ndogo ya mtoa huduma mwingine, ikivuta zoni kutoka kwako kwa ufunguo wa siri wa TSIG, unaothibitisha kwamba ni yako, na `expire` ya SOA iwe 1209600, yaani siku 14, ili iendelee kujibu hata mashine ya ofisini ikiwa kwa fundi. Baada ya kila badiliko uliza zote mbili kwa `dig +norec SOA`. Namba zisipolingana ndani ya dakika chache, kagua kwanza kama uliongeza namba ya zoni, kisha kama saa za mashine zote mbili ziko sawa: TSIG hukataa zikipishana kwa zaidi ya dakika tano.