Kisu cha kukunja: ulimi mnene haufanyi kufuli imara

Hapa Unguja, anayejaribu kujitengenezea kisu cha kukunja chenye kufuli ya fremu huambiwa na wenzake: "Uache ulimi mnene. Springi ikiwa kali, kisu hakitakufungia vidole." Si kweli.

Katika kufuli hii, aliyoibuni Chris Reeve, mzaliwa wa Afrika Kusini, ubavu mmoja wa mpini hukatwa kwa urefu ukawa ulimi. Kengee, yaani bapa la kukatia, ikifunguka, ulimi hujipinda kama springi na kuingia nyuma ya kisigino chake, ule mwisho wake ulio ndani ya mpini. Kazi ya springi ni hiyo tu, kuufikisha ulimi mahali pake. Ukikandamiza mgongo wa kengee, mzigo hupita kwa urefu wa ulimi hadi kwenye fremu, na bati la chuma likisukumwa kwa urefu wake halipindi kirahisi. Ulimi mnene utakuumiza dole gumba bure. Shina lake, pale unapopinda, lisagwe libaki unene wa milimita 1 na ushei.

Kinachoamua ni uso wa kisigino. Upigwe tupa kwa mshazari wa nyuzi 7 hadi 9 hivi. Ukizidi, ulimi huteleza, ukipungua, hunasa. Paka wino wa makapeni, fungua, funga, tazama umefutika wapi, kisha piga tupa tena, kidogo kidogo. Mguso uwe mbali na pini inayozungukia kengee. Kazi ya kuchosha, lakini ndiyo kazi yenyewe.

Springi ya gari kuukuu yafaa kwa kengee, mradi ichomwe hadi isinase sumaku, izamishwe kwenye mafuta, kisha ipashwe tena moto wa nyuzi 200 za Selsiasi. Kisigino laini huliwa na ulimi.