Hukumu ya Mwisho na Maskini Aliye Mlangoni

Waumini wengi wanapoifikiria hukumu ya Mungu, hukumbuka kwanza maovu yanayotendwa: wizi, uzinzi, uongo, uuaji. Maandiko hayayapuuzi maovu hayo. Hata hivyo, katika sura ya 25 ya Injili ya Mathayo, Yesu anapoeleza jinsi mataifa yote yatakavyokusanywa mbele ya kiti cha utukufu wake, wale wanaoambiwa waondoke hawashtakiwi kwa lolote kati ya hayo. Wanashtakiwa kwa yale waliyoyaacha: mwenye njaa hawakumlisha, mwenye kiu hawakumnywesha, mgeni hawakumkaribisha, aliye uchi hawakumvika, mgonjwa na mfungwa hawakwenda kuwatazama.

Makundi yote mawili yanashangaa. Wenye haki hawakujua kwamba walikuwa wakimhudumia Mfalme, na waliohukumiwa hawakujua kwamba walimpita. Jibu lina msingi ule ule kwa wote. Wenye haki wanaambiwa: “Kadiri mlivyomtendea mmojawapo wa hao ndugu zangu walio wadogo, mlinitendea mimi,” nao waliohukumiwa wanaambiwa kwamba kadiri walivyoacha kumtendea, hawakumtendea yeye. Wapo wafafanuzi wanaosema kwamba “ndugu walio wadogo” ni wanafunzi wa Yesu wanaoteswa kwa ajili ya Injili, na wapo wanaosema ni kila mhitaji. Mjadala huo una uzito wake kielimu, lakini hauwezi kuwa kimbilio la mtu anayetafuta sababu ya kutotoa, kwa kuwa Yesu huyo huyo, alipoulizwa jirani ni nani, alijibu kwa mfano wa Msamaria aliyemwokoa mtu asiye wa jamii yake.

Fundisho hilo linakaza zaidi katika mfano wa tajiri na maskini Lazaro, sura ya 16 ya Injili ya Luka. Tajiri wa mfano ule haelezwi kuwa mnyang'anyi wala mdhulumu. Tunaambiwa tu kwamba alivaa zambarau na kitani safi, akala kwa anasa kila siku, huku Lazaro, mwenye vidonda vingi, akilazwa mlangoni pake na kutamani makombo ya mezani. Tajiri hakuhitaji kusafiri kumtafuta maskini. Alihitaji kutazama tu anapotoka na anapoingia. Yohane Krisostomo, mhubiri mashuhuri wa kanisa la kale aliyeuhubiri mfano huu kwa mfululizo huko Antiokia mwishoni mwa karne ya 4, aliwaonya wasikilizaji wake waache kuchunguza mwenendo wa maskini kabla ya kumsaidia, akisema kwamba uhitaji wa maskini ndio utetezi wake wa pekee. Onyo hilo linatufaa sana, kwa maana mara nyingi tunageuka mahakimu wa mwombaji, tukipima kama ni mvivu au mlevi, ilhali tunaohojiwa katika Mathayo 25 ni sisi.

Mapema kidogo katika karne hiyo hiyo, Basili, aliyekuwa bado padri wa Kaisaria ya Kapadokia, mji ambao leo ni Kayseri nchini Uturuki, aliyaweka mafundisho haya katika matendo. Ukame wa karibu mwaka 368 ulileta njaa kali. Mji ulikuwa mbali na bahari, nafaka haikuweza kuletwa kwa urahisi, na wenye maghala walisubiri bei ipande. Basili aliwahubiria bila kuwaficha kitu: mkate unaouzuia ni wa mwenye njaa, na nguo uliyoifungia sandukuni ni ya aliye uchi. Maghala yakafunguliwa, na yeye mwenyewe akawagawia watu chakula. Baada ya kuwa askofu mwaka 370, alijenga nje ya mji makao ya wagonjwa, wasafiri na maskini, ambamo hata wenye ukoma, waliofukuzwa na ndugu zao, walipokelewa na kutunzwa.

Swali linaloulizwa mara kwa mara katika mafunzo ya viongozi wa makanisa ni hili: ikiwa tunaokolewa kwa neema kwa njia ya imani, kwa nini hukumu itazame matendo? Paulo, katika Waefeso sura ya 2, anakanusha kwamba matendo hununua wokovu, na papo hapo anasema tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Yakobo naye anauliza imani inafaa nini, ikiwa mtu anamwambia ndugu aliye uchi na mwenye njaa aende kwa amani, akaote moto na kushiba, bila kumpa chochote. Kwa hiyo hukumu haimwulizi mwamini kama amelipa gharama ya mbingu. Inaidhihirisha imani aliyokuwa nayo, au aliyodai kuwa nayo.

Tajiri wa Luka, akiwa mahali pa mateso baada ya kufa, anamwomba Ibrahimu amtume Lazaro kuwaonya ndugu zake watano. Ibrahimu anakataa, kwa sababu onyo walikuwa nalo tayari: wanao Musa na manabii, na wawasikilize wao. Musa, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 15, alikuwa ameagiza mkono usifumbwe mbele ya ndugu maskini. Na Isaya, katika sura ya 58, alikuwa amewaambia watu waliolalamika kwamba Mungu haioni saumu yao kwamba saumu aliyoichagua ni kufungua vifungo vya uonevu, kumgawia mwenye njaa chakula, na kumwingiza nyumbani maskini aliyetupwa nje.