Mmea wa dawa umelelewaje kabla ya kuvunwa?

Wengi wakiniuliza kuhusu mimea ya dawa wanataka jina na unatibu nini, basi. Mimi kazi yangu ni kuipima maabara na swali langu la kwanza huwa ni umelimwaje, maana mbegu zilezile mashamba mawili zinaweza kukupa majibu ambayo hayafanani kabisa.

Chukua mnanaa, ule mkali wenye mentoli, yaani kile kitu kinacholeta ubaridi mdomoni. Jani changa limejaa mentoni, kemikali nyingine ya mafuta yake, likikomaa mmea wenyewe unaigeuza mentoni kuwa mentoli, kwa hiyo ukiwahi kuvuna umevuna kitu kingine. Halafu kuna urefu wa mchana, mnanaa unapenda siku ndefu, siku zikiwa fupi mafuta yake yanaongezeka kemikali mbili, pulegoni na mentofurani, na hizo zikizidi zinaumiza ini.

Sasa mbolea, hapa ndo vurugu. Ukimwaga naitrojeni nyingi mmea unakimbilia kujenga majani, shamba linapendeza kweli, ila vitu vya jamii ya fenoli, kundi moja la kemikali za mmea zenye kazi ya dawa, mara nyingi vinapungua kwa kila gramu ya jani. Lakini alkaloidi, kundi jingine la kemikali za mmea, zenyewe zina naitrojeni ndani yake, ndo maana tumbaku ukiizidishia naitrojeni nikotini inapanda. Kwa hiyo anayekwambia mbolea inaharibu dawa au inaongeza dawa muulize kwanza, dawa gani?

Kuna na hii ya kuutesa mmea kwa kiu ili uwe mkali, binafsi naona inasifiwa kupita kiasi. Ni kweli kiu ya wastani mara nyingi inapandisha kiwango cha mafuta ya harufu, ila piga hesabu: kilo 100 za majani makavu yenye mafuta asilimia 1 ni kilo 1 ya mafuta, ukibana maji ukapata asilimia 1.3 lakini majani yakashuka hadi kilo 50 umebaki na gramu 650. Ukali umepanda, mzigo umeshuka.

Udongo nao usiusahau, ukiwa na asidi nyingi kadmiamu, metali yenye sumu, inafyonzwa kirahisi na kamomili, mmea ambao maua yake hutengenezwa chai, inaikusanya vizuri tu. Na magugu! Yapo yenye alkaloidi za pirolizidini, sumu ya ini, na wengi wanayang'oa na kuyaacha palepale yaoze, kumbe sumu inashuka kwenye udongo na mizizi ya mmea wako inaweza kuinywa, mmea ambao kwa asili hauitengenezi kabisa. Hayo yatoe nje ya shamba, tena kabla hayajaweka mbegu.