Tonado haipimwi kwa unene

Kila mnara wa maji, yaani tonado ya juu ya maji, ukitokea ziwani hapa Kisumu, watu wa Dunga wanatoa simu wanarekodi, na lazima kuna mmoja atasema hiyo ni F5 juu ni nene. Hiyo F ni ya Ted Fujita, alitunga skeli yake ya ukali wa tonado 1971 kule Marekani, na tangu 2007 wanatumia ile iliyoboreshwa, EF0 ndio dhaifu mpaka EF5 ndio kali zaidi. Lakini unene hauhesabiwi. Hata upepo wenyewe mara nyingi haupimwi, kwani ni mashine gani itabaki imesimama hapo katikati? Wataalamu wanakuja ikishapita, wanakagua uharibifu, halafu kutoka hapo ndio wanakadiria upepo ulikuwa kilomita ngapi kwa saa.

Na si eti mabati ikiruka basi ni kali. Chukua nyumba mbili Nyalenda, moja mabati imeshikwa na misumari michache na mbao zishaliwa na mchwa, ingine paa limefungwa vizuri na ukuta ni wa mawe. Ya kwanza ikienda haikuambii mengi, ya pili ikienda, hapo sasa tuongee. Ndio maana wana aina 28 za vitu vya kuangalia, miti ikiwemo.

Tonado ya El Reno, Oklahoma, Marekani, 2013: upana kilomita 4 na kitu, rada za kwenye magari zikasoma zaidi ya kilomita 450 kwa saa, na EF5 inaanza 322 hivi. Ikapewa EF3, juu ilipita sana mashambani, majengo ya kukagua yalikuwa machache.