Umesoma sayansi ila unataka masta ya historia, Kiswahili au falsafa? Soma hapa kwanza

Juzi kati aliingia ofisini kwetu hapa Kigoma binti mmoja na baba yake mdogo, kashika bahasha ya nailoni ina transkripti yake, digrii ya sayansi ya uvuvi. Shikamoo mwalimu, marahaba mwanangu karibuni, na kabla hata hajakaa vizuri baba mdogo akaanza: "Mwalimu tusaidie, mama yake kamsomesha huyu kwa mawese pale soko la Mwanga, sayansi yote ile, leo anasema anataka akasome historia."

Kazi yangu ni kushauri watu masomo ya juu na swali hili naletewa sana, sio na huyo binti tu, kuna wa kemia anayetaka falsafa, wa kilimo anayetaka isimu, mwalimu wa fizikia anayetaka fasihi ya Kiswahili, na wengi wanakuja wameshaambiwa na mtu mtaani kwamba haiwezekani. Inawezekana. Ila kuna milango miwili tofauti na watu wanaichanganya.

Kuna masta ambazo tangazo lake linasema digrii ya kwanza yoyote, na kuna ambazo zinasema digrii ya somo hilohilo "au linalohusiana". Hayo maneno ya mwisho ndo watu wanayaruka wakati wanajaza fomu, alafu majibu yakija wanalia. Linalohusiana kwa maana ya nani? Kwa maana ya idara husika, kwahiyo ipigie simu idara yenyewe, usiishie kwa dada wa mapokezi wa udahili, uliza mtu wa sayansi kama mimi mnampokea moja kwa moja au mnataka nianze na stashahada ya uzamili (postgraduate diploma). Na hiyo stashahada ya uzamili iangalie jina lake vizuri, maana ile ya elimu inakufanya uwe mwalimu, sio daraja la kukuvusha kwenda historia, nimeona kijana kapoteza mwaka mzima na ada kwa kutokujua hilo tu.

Kingine ni GPA, yaani wastani wa alama zako za digrii. Kwa vyuo vyetu daraja la pili la chini ni 2.7 mpaka 3.4, na vyuo vingi huanzia hapo kwenye masta. Kama uko chini ya hapo usikate tamaa, stashahada ya uzamili inaweza kuwa njia yako, ila uliza kwanza kabla hujalipa.

Sasa nirudi kwa binti maana hapo ndo kuna jambo. Alikuja na barua yake ya maelezo binafsi, ukurasa mmoja na nusu, amependa historia tangu utotoni, anapenda kusoma vitabu, anaiheshimu taaluma, na uvuvi wote alioufanya kauficha kwenye sentensi moja kama vile anauonea aibu. Nikamwambia hebu weka barua pembeni, nisimulie tu mazoezi yako ya vitendo. Akasema alikuwa mwaloni Katonga, kazi yake kupima uzito wa dagaa asubuhi na kujaza fomu, na kwenye fomu kuna kisanduku cha usiku ambao watu hawakuvua. Mzee mmoja akamweleza kwamba mbalamwezi ikiwa kali hawaendi kwa sababu dagaa hawafuati taa, hilo alikuwa analijua darasani, ila mzee akaendelea kwamba zamani kabla ya karabai watu walikuwa wanawasha moto wa kuni kwenye mtumbwi na kuchota dagaa kwa wavu wa mkono, karabai zilipokuja sio kila mtu aliweza kununua, waliokosa wakaishia kuvua kwenye mitumbwi ya wenzao. Fomu haikuwa na sehemu ya maneno hayo, akayaandika pembeni kwa kalamu ya risasi. Akanionyesha picha ya ile fomu kwenye simu, kweli pembeni kote kumejaa maandishi madogo madogo.

Nikamwambia mwanangu, ombi lako la masta ndo hilo hapo pembeni ya fomu. Taa iliingia lini, nani alimiliki, nani akageuka kibarua, hilo ni swali la historia na wewe una kitu ambacho aliyesoma historia tangu mwanzo hana, unaweza kusoma takwimu za mavuno ya ziwa na ukajua zipi za kuaminika. Hapo baba mdogo akanyamaza kidogo alafu akasema babu yake alivulia mtumbwi wa mtu Ujiji mpaka anakufa.

Kwahiyo usiifiche sayansi yako, itumie kutafuta swali. Wa uhandisi naye asidhani hana la kuuliza, meli ya Liemba ipo hapahapa Ziwa Tanganyika: ilijengwa Ujerumani ikiwa Graf von Goetzen, ikaletwa vipande vipande kwenye masanduku, ikapanda reli hadi Kigoma, ikashushwa majini 1915, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, Waingereza wakaiibua 1924 na ikaanza safari tena 1927. Nani walibeba hayo masanduku, walilipwa nini, walijifunza ufundi gani? Mwenye digrii ya mitambo akiuliza hivyo atasikilizwa.

Na waliohama wapo. Mwalimu Nyerere alifundisha baiolojia na Kiingereza St. Mary's Tabora, 1949 akaenda Edinburgh na 1952 akamaliza MA iliyokuwa na historia na uchumi ndani yake, na baadaye akatafsiri Shakespeare kwa Kiswahili (niseme ukweli, MA ya Scotland kwa utaratibu wao ni digrii ya kwanza, kwahiyo usiitaje kwenye barua kama mfano wa masta). Thomas Kuhn wa Marekani naye alipata PhD ya fizikia Harvard mwaka huohuo wa 1949 akahamia historia ya sayansi.

Kinachowatesa wengi wakishaingia ni kuandika. Maabara umezoea utangulizi, njia, matokeo, mjadala, na kama namba iko sawa umemaliza. Huku unasoma vitabu vitatu vinavyopingana kwa wiki, alafu unatakiwa useme wewe unasimama wapi na kwa ushahidi upi, hakuna majibu nyuma ya kitabu. Ukienda Kiswahili pale TATAKI, yaani Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tasnifu unaandika kwa Kiswahili, na mtu wa sayansi ambaye misamiati yake yote ya darasani ilikuwa Kiingereza anashtuka kweli. Anza sasa, andika insha moja ya maneno kama 3,000 juu ya swali lako, mpe mhadhiri wa somo hilo aichane, irudie, hiyohiyo ndo utaambatanisha wakikuomba mfano wa maandishi yako.

Kuhusu hela nilimwambia baba mdogo wazi, masta hii haina ahadi ya ajira, na cheti cha uvuvi kinabaki kuwa cheti cha uvuvi, hakifutiki, anaweza kufanya kazi huku anasoma, na Chuo Kikuu Huria kina vituo Kigoma na Tabora. Kama ni mtumishi wa umma omba ruhusa ya mwajiri kabla ya kulipa chochote. Ukilenga Uingereza masta nyingi za darasani ni mwaka mmoja, ila ufadhili wa Chevening unataka uwe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili, na ukirudi cheti cha nje kinapelekwa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kitambuliwe.

Ukija kwetu njoo na transkripti, tangazo la kozi unayoitaka, na ukurasa mmoja wenye swali lako. Barua ya kupenda tangu utotoni iache nyumbani.